Abiria Mwenyewe Apige Simu

...na hata kama angelivua koti sasa hivi angeliweka wapi, juu kumejaa pomoni, chini ya kiti cha mbele kuna begi lake ambalo yule binti wa mlango wa kupandia ndege alilishindilia kwenye lile sanduku la kupimia mizigo mpaka zipu ikalia, mapajani basi, lakini mapaja yenyewe yamebanwa, viti vya ndege hizi za bei ya chee havilali nyuma, vimesimama wima kama mtu anayesubiri hukumu, kwa hiyo akaliacha mwilini, koti la mumewe, la kijivu, lenye mifuko ndani na nje, na kila mfuko umejaa vitu vya mjukuu, soksi, kofia, vinguo vilivyokunjwa vikashikana kama mkate, maana koti halipimwi, hiyo ilikuwa hekima ya mzee mwenyewe, koti ni begi lenye mikono, alikuwa akisema, na safari yao ya mwisho alivaa mashati matatu na suruali mbili akatembea kama bata mbele ya mizani, na wahudumu wakamtazama wakampitisha, na yeye mkewe akiona haya akajifanya hamjui... na sasa jasho linamteremka mgongoni, ila joto lenyewe si la mtu mmoja, ndivyo alivyohisi tangu alipokaa, kama koti lina mtu mwingine ndani yake, aliyejibana kwa adabu asimsumbue. Upuuzi. Ni hewa tu, ndege imesimama uwanjani milango imefungwa, feni za juu zinapuliza pumzi ya watu wale wale, na sauti ya rubani inakwaruza, mabibi na mabwana tunaomba radhi, tunasubiri ruhusa, mtaarifiwa, na abiria mmoja huko mbele akasema kwa sauti, hata radhi wangeiuza kama wangeweza, watu wakacheka, na nyuma kabisa, karibu na choo, mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, halafu kingine kirefu, kama mtu anayefungua kitasa kilichoota kutu. Asigeuke. Alijiambia asigeuke, watu wangapi duniani wanakohoa hivyo, kikohozi hakina mwenyewe, lakini kiti cha nyuma karibu na choo ndicho kiti cha mumewe, na mumewe wamemzika, yeye mwenyewe alimwaga udongo, alisikia ulivyoanguka... Tiketi walinunua pamoja, miezi kabla, usiku huo mzee kashika simu kama mvuvi aliyenasa samaki, mama njoo uone, nauli ya basi hii, nauli ya basi tunaruka nayo angani, tutafika kwa binti yetu kabla chai haijapoa, na yeye akauliza, na viti vya pamoja? akasema viti vya pamoja vinalipiwa, mke wangu, tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, tushindwe kukaa mbalimbali kwa saa chache? Mbalimbali. Alicheka akisema hivyo. Halafu ikaja ile asubuhi, na baada ya mazishi akapiga simu kwa shirika la ndege, akasubiri muziki uishe, akaeleza, na msichana wa upande wa pili akasema pole sana mama, lakini nauli hairudishwi, jina halibadilishwi, na kufuta nafasi moja ni lazima abiria mwenyewe apige simu. Binti yangu, nimekwambia amefariki. Nimekusikia mama, pole sana, lakini mfumo unataka abiria mwenyewe. Abiria mwenyewe apige simu! Angecheka mzee, angelipua kicheko mpaka jirani agonge ukuta. Hivyo akaziacha tiketi zote mbili, akathibitisha wasafiri wote wawili kwenye mashine ya uwanjani kwa sababu ilikataa kumthibitisha mmoja, na karatasi za kupandia zikatoka zimeshikana, na pale mlangoni akampa yule binti zote mbili bila kufikiri, mkono ulizoea kumbebea, mashine ikalia mara mbili, ti, ti, na yule binti bila kuinua macho akasema safari njema, wazee. Wazee! Alitembea ule uwanja wenye upepo kuelekea kwenye ngazi akihisi hatua zake zina mwangwi, akajiambia ni viatu, na ngazi ya chuma ndivyo ilivyo.

"Mama, umetenganishwa na mwenzio, sivyo?" Ni jirani yake wa kiti, mtu wa makamo, mnene, ameshamwambia habari zake zote kabla hata hajafunga mkanda, kwamba ni mwokaji mikate, kwamba mikate haiijui Jumapili, kwamba anakwenda kumwoza mdogo wake, na sasa anamtazama kwa huruma kwa sababu amemwona mara mbili akianza kugeuza shingo na kuacha. "Wanatutenganisha makusudi hawa, ili tulipe. Mzee yuko nyuma?" Na ulimi, huu ulimi, ulimi ambao kwa wiki kadhaa haujafanya kazi nyingine ila hiyo, ukasema ndiyo, yuko nyuma. Umeuona uongo ulivyo? Ukishaukaribisha unavua viatu na kuingia jikoni. Ulianza kwa nia njema, shemeji yake mkubwa ndiye aliyesema siku ile wanaume wamekaa nje kwenye viti vya kukodi, binti asiambiwe, amelazwa, presha imempanda, daktari kasema jambo lolote la kushtua tutawapoteza wote wawili, mama na mtoto, tunyamaze mpaka ajifungue, na wote wakakubali, ndugu wakaapa, na simu ya marehemu wakampa yeye, kwa sababu binti alikuwa akimwandikia baba yake kila siku, naye akaanza kujibu. Baba hujambo? Sijambo mwanangu, mafua tu, sauti imekauka, ndiyo maana siongei. Baba daktari kasema nilale ubavu. Lala ubavu, mwanangu. Vidole vyake yeye, mshonaji wa mapazia, vilivyozoea sindano, vikajifunza kuandika kama mumewe, fundi wa kufuli, kwa maneno machache, bila nukta, na kila usiku alijiona mwizi, na kila usiku, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo, kwa kuwa kwa dakika zile nyumba ilikuwa na watu wawili tena... Mpaka siku binti aliandika, baba, lile jina ulilokuwa ukiniita ukinibeba mabegani, lile tulilomficha mama, unalikumbuka? Na yeye hakulijua. Angelijuaje, alifichwa. Alikaa kitandani na simu mkononi, akifikiri aseme amesahau, uzee, mwanangu, na kidole gumba kikaandika Komeo. Hakukiambia. Kiliandika Komeo kikabonyeza, na binti akajibu, unakumbuka!! kwa sababu nilikuwa nashikilia shingo yako siachii, unakumbuka baba, nimelia hapa mpaka muuguzi amekuja. Usiku ule alilala taa zikiwaka. Labda alisikia zamani, kupitia ukuta, akiwa usingizini, mtu hajui masikio yameweka nini akiba, labda... na hata hivyo tangu usiku ule hakuigusa tena ile simu bila kusema kwanza, hodi.

"Basi mimi nitahama," mwokaji akasema, ameshafungua mkanda wake, "mimi popote nalala, hata choo kikininukia puani. Mzee aje akae na mkewe." Hapana, akasema, usijisumbue baba, tafadhali. "Usumbufu gani, mama! Wewe ungekuwa mama yangu ningefurahi mtu akimfanyia hivyo." Na kabla hajapata neno la kumzuia akanyoosha mkono wake mkubwa juu, mhudumu akaja, msichana mwembamba aliyekuwa akisukuma toroli la maji ya kuuza, na mwokaji akamweleza kwa fahari, na mhudumu akatabasamu, nafasi ya mwisho kushoto, eeh? ngoja nikamwite, na akaenda. Akaenda! Kisigino kwa kisigino kwenye kile kijia chembamba, na sasa mwambie, mwite arudi, sema kiti kile ni kitupu, sema tu, mume wangu amekufa, maneno matatu hayazidi, lakini ukweli ni kwamba hajawahi kuyasema, ndiyo, sasa ndipo alipoona, katika wiki zote hizi hajayasema hata mara moja, wengine ndio waliosema, shemeji alisema, majirani walisema, yule msichana wa simu alipoambiwa aliambiwa amefariki, lakini hilo lilikuwa neno la karatasi, neno la kufungulia mlango wa watu wa ofisi, si neno la kumwambia mtu mwenye macho. Na atamwambiaje binti? Ndiyo safari yenyewe hii, amejifungua salama, wa kiume, na mtoto hana jina mpaka leo, wanamwita Mgeni tu pale wodini na sasa pale nyumbani, kwa sababu mama yake amekataa, amesema jina atatoa babu yake kwa mdomo wake, anakuja, amenunua tiketi tangu zamani, namjua baba yangu, hapotezi tiketi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii imekuwa ndefu, itapita hata juu ya mawingu... Akageuza shingo. Hakupanga. Kati ya viti, juu ya vichwa, alimwona mhudumu amesimama pale mwisho, ameinama, ameweka mkono kwenye mgongo wa kiti, na kwenye kiti kile kulikuwa na mtu. Bega tu. Bega na ukingo wa kofia. Kikohozi kikatoka tena, kifupi, halafu kirefu, na koti mwilini mwake likawa zito ghafla kama limelowa maji, na akasikia harufu ya mafuta ya kulainisha vitasa, aliyokuwa akiifua kutoka kwenye mashati miaka yote bila kufanikiwa. Kuna aliyehama kiti, bila shaka. Ndege hizi watu wakiona kiti kitupu wanahamia, kila mtu anakimbia kubanwa. Bila shaka. Lakini mbona moyo hauogopi? Unapaswa kuogopa, mama, na moyo umekaa kimya kama mtoto aliyesikia mlango wa nje unafunguliwa na kujua ni nani. Mhudumu akarudi taratibu, akainama juu yao, akanong'ona, "Mama, mzee amelala fofofo. Kofia ameishusha usoni. Nimwamshe?"

Nimwamshe. Ndivyo alivyouliza na yule mteja wa mumewe. Alikuja kuchukua ufunguo wake asubuhi ile, akamkuta mzee kwenye kibanda, ameegemea ukuta, tupa yake ya kuchongea mkononi, ufunguo umebanwa kwenye jiliwa nusu umechongwa, akadhani kasinzia, kwa heshima akakaa kwenye kigoda akamngoja, akasoma gazeti zima, na mwishowe akavuka barabara akaja kuuliza, mama, fundi kalala, nimwamshe? Na yeye, mdomoni ana sindano, anapima pazia la watu, akajibu, mwache alale kidogo, usiku hakupata usingizi vizuri. Mwache alale! Na akaendelea kupima pazia. Na sasa neno lile lile liko tayari mdomoni, tamu, laini, mwache alale, na ndege itaruka naye amelala huko nyuma, na itatua naye amelala, na atamwambia binti baba yako yuko nyuma anakuja, yuko njiani, amechoka, amelala, kesho, kesho kutwa, na mtoto ataitwa Mgeni mpaka aote ndevu... Mwokaji amesimama nusu, kichwa kimeinama chini ya dari, anatabasamu, anamngoja. Mhudumu anamngoja. "Hapana, mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, aliisikia ikitoka, sauti ya mwanamke mmoja. "Nimewadanganya. Mume wangu amekufa. Tulinunua tiketi naye, halafu akafa." "Amekufa, na ninakwenda kumwambia mtoto wake." Wala dari haikuanguka. Mwokaji akakaa, polepole, kiti kikalia, na ule mkono mkubwa ukashika wa kwake juu ya kiegemeo, na huko mbele rubani akakwaruza tena, mabibi na mabwana, bado tunasubiri ruhusa, na binti atalia, akawaza, atapiga kelele, atanichukia wiki nzima, na mimi nitakuwepo, nitambeba mtoto wakati yeye analia, na tukimaliza tutakaa wawili tutafute jina, wanawake nao wana midomo... Mhudumu alikuwa bado ameinama pale, uso umebadilika rangi, akatazama nyuma, akatazama karatasi yake ya majina ya abiria, akarudisha macho kwa mama. "Sasa mama," akanong'ona, "yule pale nyuma ni nani?"

"Sijui, mwanangu," akasema, wala hakugeuka. "Mwache mtu alale."