Bi Kiranja na Jicho la Fundi Vioo

Siku Bwana Harusi alipokufa, Mama Mkubwa alikuwa ameazima paa lake akafunikia mboga.

Paa lenyewe lilikuwa kipande cha chandarua kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Baba Mkubwa alilitengeneza kwa mkono wake kufunika tangi la samaki. Siku ile nzi walikuwa wengi, na Mama Mkubwa anachukia nzi kama anavyochukia kuulizwa maswali. Akalibeba hadi jikoni, akafunika sufuria, akasahau. Sasa samaki wale wakishtuka huruka. Nje lori likapiga honi, Bwana Harusi akaruka, na kwa kuwa paa halikuwepo, hakukuwa na cha kumrudisha. Tulimkuta chini ya meza ya kukatia vioo, amejikunja kama ganda la ndizi lililopigwa na jua.

"Mwanangu," Mama Mkubwa akasema, mkono mdomoni, "nimekwisha."

"Umekwisha kweli, Mama Mkubwa."

"Nani kakuambia uitikie?"

Nieleze kidogo. Baba Mkubwa ni fundi vioo, na mke wake ni dada wa mama yangu. Nilipomaliza darasa la saba nilikuja kwao kumshikia Baba Mkubwa utepe wa kupimia, nikabaki. Tangi aliliunda mwenyewe kwa kioo kinene kilichobaki kwenye kazi ya duka fulani, akaliweka mbele ya karakana ili wateja wakisubiri wasihesabu vidole. Ndani kuna mchanga laini, kuna mawe ya mwambani yenye matundu mengi, na maji ya chumvi ninayoyachanganya mimi kwenye ndoo.

Na kuna hao samaki. Ni jamaa wa pono. Watu husema fulani ana usingizi wa pono. Wao wamesikia tu, mimi nimeona. Taa ya tangi ikizimwa, kila mmoja anaelekea upande wake, anainamisha kichwa, anachoma mchanga, chwii, kapotea. Mgeni akiingia saa hiyo ataapa tangi ni tupu. Asubuhi taa ikiwaka, mchanga unatikisika, kinatoka kichwa kimoja, jicho moja linatazama juu na lingine linatazama pembeni, kama mama anayechungulia kama wageni wameshaondoka. Mchana kutwa wanapekua mawe, wanadonoa konokono wadogo na viroboto wa maji. Dume huwa mmoja, majike kadhaa. Majike ni weupe wenye mabaka ya kahawia, utadhani wamemwagikiwa chai. Dume ni mwekundu wa tofali, ana madoa ya kijani mwili mzima na mistari ya bluu usoni. Ndiyo maana tukamwita Bwana Harusi. Jike mkubwa kuliko wote tulimwita Bi Kiranja, kwa sababu jioni yeye ndiye aliyewafukuza wenzake wakalale, na mwenyewe akaingia mchangani wa mwisho.

Kifo hiki kisingekuwa msiba mkubwa kama si ahadi. Baba Mkubwa alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa muda mrefu alikuwa akikata vioo kwa kupapasa. Mteja mmoja alirudi na kioo kwapani akauliza, "Fundi, hili dirisha ni la sebuleni kwangu au la banda la kuku?" Mama Mkubwa akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena, mpaka mzee akakubali jicho moja.

"Moja kwanza," alisema. "Macho si soksi, kwamba lazima yaende mawili."

Asubuhi ya kwenda hospitali alisimama mbele ya tangi, pua ikigusa kioo, akatamka mbele yetu sote: "Nikirudi, wa kwanza kumtazama ni Bwana Harusi. Nikimwona na rangi zake zote, nawapa na jicho la pili. Nisipomwona, nitazikwa na hili lililobaki." Na Baba Mkubwa akishatamka, hata wewe ulete winchi, hang'oki.

Sasa yeye yuko wodini, na Bwana Harusi yuko kwenye sahani ya kikombe.

Mama Mkubwa alimpigia simu muuza samaki. Dume la aina ile hana, na hajui atampata lini. Akakaa kwenye kigoda, akafikiri, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tukimpaka rangi mmoja?"

"Mama Mkubwa, ni samaki."

"Najua ni samaki! Nauliza rangi."

Mimi nilikuwa nikimtazama Bi Kiranja. Jua lilikuwa halijafika utosini, na tayari kuna kitu kimebadilika. Alikuwa amesimamisha mapezi ya mgongoni. Alikwenda kwenye jiwe la Bwana Harusi, jiwe ambalo jana angelisogelea angefukuzwa, akalizunguka, akatulia juu yake. Kisha akaanza kuwapitia wenzake ubavuni, mmoja mmoja, akitetemeka mwili, vilevile alivyokuwa akifanya marehemu.

Nikakumbuka maneno ya Baba Mkubwa, aliyoniambia siku moja tukipaka gundi kwenye fremu. Hawa, mume akiondoka, mke mkubwa anachukua nafasi. Si kwamba anaigiza. Anakuwa dume kweli, nje na ndani, na mayai anaachana nayo. Hata Bwana Harusi, alisema, aliingia karakana hii akiwa bibi.

Nikamweleza Mama Mkubwa. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Yaani anakuwa mume? Hivi hivi? Bila kikao cha ukoo?"

"Mume akishakosekana tu."

Akatazama ovaroli ya mumewe iliyoning'inia msumarini. "Mbona mimi wangu yuko hospitali na sijaota hata sharubu?" Kisha akakumbuka shida yake. "Inachukua muda gani?"

"Tabia, ni leo leo. Rangi, wiki kadhaa."

"Anarudi kesho."

Kweli kesho yake akarudi, na miwani myeusi kama dereva wa rais. Hakusalimia vizuri wala hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akavua miwani, akaziba jicho bovu kwa kiganja, akainama.

"Bwana Harusi yuko wapi?"

"Si yule pale kwenye jiwe lake," Mama Mkubwa akasema haraka.

"Yule?" Akasogea. "Mbona kafubaa hivyo? Kama kitambaa cha kudekia!"

"Ni jicho, baba. Jicho bado bichi."

"Daktari alisema nitaona siku hiyo hiyo."

"Daktari alikuwa anajisifu. Kwani wewe dirisha unaloahidi leo huwa linatoka lini?"

Baba Mkubwa akageuka, akazungusha macho chumbani. "Huu ukuta mlipaka bluu lini?"

"Miaka yote ni bluu."

"Na wewe, binti, una kovu kidevuni?"

"Tangu utotoni, Baba Mkubwa."

"Sasa si unaona!" Mama Mkubwa akaruka. "Unaona mpaka kovu!"

"Naona," akasema, akavaa miwani yake. "Lakini ahadi sikuupa ukuta. Nilimpa samaki. Jicho la pili hawaligusi."

Mama Mkubwa akanitazama kwa jicho la kuniambia: omba dua.

Mimi sikuomba dua tu, nilifanya na kazi. Nilimkatia Bi Kiranja kamba wa baharini vipande vidogo, nikamlisha mara nyingi kidogo kidogo. Niliwasha na kuzima taa kwa saa zilezile, maana samaki wale wakivurugiwa usingizi hujifukia na kususa. Paa nililifunga kwa kamba, na Mama Mkubwa akipita na sufuria namsindikiza kwa macho mpaka jikoni.

Kila asubuhi Baba Mkubwa alikuja na kikombe cha chai, akakaa kwenye kigoda, akafumba jicho bovu. Siku nyingi alitikisa kichwa tu. Mama Mkubwa akamtia matone ya jicho kwa heshima kubwa, akimpepea kama mfalme. Hadi asubuhi moja:

"Hebu! Kuna ukijani shavuni."

"Matone hayo!" Mama Mkubwa akajibu toka jikoni, kabla hajaulizwa.

Baada ya hapo mambo yakawa mbio. Mabaka ya chai yakaanza kuiva yakawa mekundu. Madoa ya kijani yakajitokeza nyuma ya kichwa, yakashuka mgongoni. Baba Mkubwa kila alichoona alikihesabu kuwa sifa ya daktari. Akampigia simu.

"Daktari, leo nimeona mstari wa bluu chini ya jicho!"

Simu ya Baba Mkubwa hupiga kelele kama redio, tukasikia wote. "Mstari? Chini ya jicho la nani, mzee?"

"La samaki!"

"Endelea na matone, mzee," daktari akasema.

Mara moja tu tulikaribia kuaibika. Baba Mkubwa aliweka kikombe chini akasema, "Bi Kiranja simwoni."

"Amelala," Mama Mkubwa akasema.

"Mchana huu?"

"Si pono huyo? Unategemea nini?"

"Toka nirudi hospitali amelala?"

"Ana huzuni," akasema Mama Mkubwa, na sura yake ilionyesha kwamba hata yeye hakujua jibu hilo limetoka wapi.

Baba Mkubwa akanigeukia mimi. "Binti. Bi Kiranja yumo humu?"

"Yumo, Baba Mkubwa. Yumo na ana afya," nikasema, na sikusema uongo.

Akanywa chai yake. Akainama tena kwenye kioo, akakaa hivyo muda mrefu, akimfuata yule samaki huku na huku. Kisha akainuka, akachukua simu. "Daktari? Andaa kisu chako. Nakuletea la pili."

Mama Mkubwa aliangusha mwiko jikoni. Nilimsikia akiimba mpaka jioni.

Jicho la pili likaenda vizuri. Aliporudi alikata kioo cha dirisha la yule mteja wa banda la kuku, kikaingia kwenye fremu kama mguu kwenye kiatu chake. Jioni akamtuma Mama Mkubwa jikoni kuongeza chai, akaniita kwenye tangi.

"Mtazame mkiani. Unaona nini?"

Niliona, na nilikuwa nimeona siku zote. Pengo dogo, kama kipande cha ukucha.

"Pengo hilo nalijua," akasema. "Mkia ulichanika siku namtoa Bi Kiranja kwenye mfuko wa plastiki nikimleta hapa. Bwana Harusi mkia wake ulikuwa mzima."

Masikio yakaniwaka moto. "Umeliona leo, Baba Mkubwa?"

"Leo? Nililiona siku ile ulipoapa kwamba yumo na ana afya." Akacheka puani. "Nikajiambia, mzee, kama unaweza kuona pengo la ukucha kwenye mkia wa samaki anayekimbia, daktari hajakuharibu. Ndipo nikapiga simu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, nani atanipepea?" Akaweka kidole mdomoni. "Usimwambie."

Nilipokwenda jikoni kuchukua chai, Mama Mkubwa akanivuta mkono. "Hajajua, eh? Usimwambie." Nikawa kama sanduku lenye kufuli mbili na funguo zote ziko kwa wenye kufuli.

Kesho yake Baba Mkubwa alishinda akiranda mbao. Nilidhani anatengeneza paa jipya, maana lile la zamani alikuwa amelishika juani, akalinusa, akakwangua kwa ukucha doa la mchuzi lililogandia kwenye chandarua. Lakini alichounda kilikuwa kidogo na cha duara, kina mpini juu. Alikipeleka jikoni, akakiweka juu ya sufuria ya mboga. Kikatoshea sawasawa.

Mama Mkubwa alirudi kutoka sokoni, akaingia jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusikika. Kisha akatokea kwenye mlango wa karakana, kile kifuniko mkononi, kanga imemteleza begani.

"Umejua lini?"

Baba Mkubwa alikuwa ameweka rula juu ya kioo, akivuta mstari. Hakuinua kichwa.

"Kujua nini, mke wangu? Mimi si mgonjwa wa macho? Njoo unitie matone."