Marieta Anamsubirisha Daktari

Asubuhi ya siku aliyopangiwa upasuaji, Marieta alioga maji ya moto, akafunga kitenge kipya, akapanda bodaboda kutoka kijijini Daudi kwenda hospitalini Mbulu mjini. Hakuwa amekula tangu jioni, kama alivyoagizwa. Mumewe, Herman, alimfuata kwa bodaboda nyingine. Ukungu ulikuwa mzito na walienda polepole.

Ulikuwa mwaka wa korona. Marieta alikuwa na saratani ya titi. Uvimbe ulikuwa bado mdogo, na Cyprian, daktari wa upasuaji, alisema ukitolewa mapema mgonjwa atapona. Yeye na muuguzi Odilia walikuwa wametenga jengo dogo nyuma ya wodi, lenye mlango wake, kwa ajili ya wagonjwa wa kupasuliwa waliojitenga nyumbani na kupimwa wakaonekana salama. Marieta alijitenga vizuri. Hata kanisani hakwenda, na chakula Herman alimwekea mlangoni.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, Daktari Reginald, aliwazuia getini.

"Upasuaji wote wa kupanga umesitishwa," alisema. "Ni kwa usalama wenu. Nendeni nyumbani, mtaitwa."

Wiki hiyohiyo jengo dogo lilifunguliwa kwa ajili ya Maximilian, shemeji yake Reginald, aliyekuwa na ngiri isiyomsumbua. Kisha likafungwa, ufunguo ukakaa mfukoni mwa mfawidhi. Cyprian alilalamika, akaambiwa kama hajaridhika aombe uhamisho. Marieta alipokuja kuitwa, saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Alizikwa kando ya nyumba yake, jirani na shamba la vitunguu saumu.

Wiki iliyofuata mazishi Marieta alirudi hospitalini kwa miguu. Alinawa mikono getini, akavaa barakoa. Mlinzi alimwelekezea kipimajoto usoni, kikaonyesha hana joto lolote. Kwa kuwa amri ilikataza wenye homa tu, akampisha. Odilia alimpa pole ya safari, akamletea kiti. Marieta alikiweka mbele ya ofisi ya Reginald, akamwambia amekuja ili wasubiri pamoja.

Tangu hapo hakuna jambo la Reginald lililokamilika. Chai yake haikuchemka. Kinyozi alimnyoa upande mmoja, mashine ikagoma, ikawaka tena kwa mteja aliyefuata. Saruji ya nyumba aliyokuwa akijenga ilikataa kukauka, na kila asubuhi mafundi walizoa ukuta uleule chini na kuupandisha upya. Chafya ilimjia, ikakaa puani, haikutoka. Marieta alikuwa kando yake kila mahali, umbali wa mita moja kama ilivyoelekezwa na serikali. Wafanyakazi walimsalimia mfawidhi, kisha wakamsalimia na yeye.

Reginald akaenda Daudi kumwona Herman. Alikaribishwa maziwa, lakini alipoinua kikombe yakagandamana na kikombe, hayakumwagika kinywani. Akakiweka chini, akamwomba Herman aseme na mkewe.

Marieta alikuwa amesimama uani. Herman akatoka.

"Mama Fabiola, ingia ndani basi. Hapa ni kwako."

"Sijaja nyumbani. Nimemfuata huyu."

"Anaomba umwachie."

"Aseme mbele ya wafanyakazi wote kwa nini mlango ulifunguliwa kwa shemeji yake ukafungwa kwangu. Akisema, nitalala."

Herman akauliza itakuwaje asiposema.

"Nitaula muda wake kama alivyoula wangu," alisema Marieta, kisha akamuuliza kama vitunguu vimepaliliwa.

Reginald aliitisha kikao. Alisimama mbele ya watu, akakohoa, akasema kwamba kipindi kile kulikuwa na changamoto nyingi na kila uamuzi ulizingatia mazingira. Odilia aligeuka kumtazama Marieta. Marieta akatikisa kichwa. Kikao kikashindwa kufungwa. Jua lilipozama wafanyakazi waliondoka mmoja mmoja, wakamwacha mfawidhi akiendelea kuzungumza na viti.

Mvua zilipokatika, uvimbe ulimwota Reginald shingoni. Alifungua jengo dogo kwa mkono wake mwenyewe. Cyprian alimpima, akamlaza, akafanya kila kitu kama inavyotakiwa. Kisu kikafika juu ya ngozi, kikakataa kushuka. Marieta alikuwa amesimama kwenye kona, amevaa gauni la kijani la chumba cha upasuaji na barakoa mpya. Cyprian alimuuliza kama anaweza kuendelea. Marieta akasema bado. Daktari akavua glavu. Alasiri alimpasua bibi mmoja wa Hirbadaw aliyeletwa kwa dharura, na mkono wake ulifanya kazi bila shida.

Baadaye wakubwa walimhamisha Reginald mkoa mwingine, kwa cheo kikubwa zaidi. Maneno aliyotakiwa kuyasema hakuyasema. Mfawidhi aliyefuata alilikuta jengo dogo limefungwa, akaliacha hivyohivyo, na siku hizi wanahifadhi humo vitanda vibovu. Wanawake wenye uvimbe bado wanarudishwa getini.

Siku ya safari Herman alikwenda stendi. Reginald alikuwa ameketi katikati ya basi, nywele upande mmoja, shingo imevimba. Marieta alikuwa kiti cha jirani, dirishani. Basi lilikubali kuwaka kwa sababu ya abiria wengine.

Herman alimwambia mkewe ashuke, inatosha.

"Nikishamalizana naye nitakuja, Baba Fabiola," alisema Marieta.

Herman akaitikia, ingawa alijua kwamba kwa mtu yule hakuna kinachomalizika. Alisimama mpaka basi likapotea kwenye kona, mke wake akiwa ndani na mwanaume mwingine, kisha akarudi Daudi kukamua ng'ombe.