Habari ya Moyo wa Heidrun

Kabla mgeni hajavua viatu, Mama Tulia alitoa masharti. Risasi zibaki kwenye gari la kocha. Bunduki ikae kabatini, kabati lifungwe, na ufunguo akae nao yeye mwenyewe.

"Na mgeni atalala wapi?" mumewe, Godlisten, aliuliza.

"Chumbani kwa Tulia. Tulia atalala na sisi."

"Mtoto anavyorusha mateke vile? Bora mimi nikalale na bunduki."

Ilikuwa Januari 1995, theluji imefika usawa wa madirisha ya chini ya nyumba yao huko Champlin, kitongoji cha Minneapolis, Amerika. Jumapili iliyotangulia, kanisani kwao mtaa wa Phillips, mchungaji alitangaza kwamba timu ndogo ya Wajerumani inakuja kushindana, na wachezaji wanahitaji nyumba za kufikia kwa wiki mbili. Alipomaliza kutangaza alimtazama Elinaja, yaani Mama Tulia. Kanisa zima nalo likageuka kumtazama. Alikuwa amesoma Leipzig miaka minne, wakati Ujerumani bado ni mbili, na huko ndiko alikojifunza kazi ya kupima moyo kwa mashine. Sasa alikuwa akiifanya kazi hiyo hiyo kwenye kliniki moja mjini Minneapolis. Angekataa kwa kisingizio gani?

Mgeni aliitwa Heidrun. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mfupi, mapaja kama ya mwendesha baiskeli, na alikula kama fundi mwashi. Jioni ya kwanza aliongezewa ugali mara mbili bila kuuliza unaitwaje. Elinaja akampenda palepale.

Tulia, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa na maswali. Aliyauliza kwa Kiingereza na mama yake akayapeleka kwa Kijerumani.

"Kwa nini anakimbia na bunduki? Anamfukuza nani?"

Heidrun alicheka, akaeleza. Mchezo wake unaitwa bayathloni. Unateleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vya miguuni, bunduki mgongoni, mpaka mapafu yanawaka moto. Kisha unasimama mbele ya shabaha tano, kila moja nyeusi na ndogo, umbali wa mita hamsini. Ukikosa moja, unazungushwa kwenye kijia cha adhabu, mita mia moja na hamsini, huku wenzako wanakupita.

"Kukimbia kila mtu anaweza," alisema. "Kazi ni kuutuliza moyo. Moyo unapiga, bunduki inaruka. Lazima ufyatue katikati ya pigo na pigo."

"Katikati pana nafasi?" Tulia aliuliza.

"Ndogo sana. Mimi nimeishi humo miaka mitano."

Akawasimulia. Alipokuwa na miaka kumi, bwana mmoja alifika shuleni kwao, kwenye milima ya Thuringia, akawapima watoto urefu wa mikono na miguu kwa utepe wa fundi cherehani. Watatu walichaguliwa. Akapelekwa bweni la michezo, na huko akamkuta Lothar Wenzel, kocha wake mpaka leo. Miaka kumi na saba aliteleza bila bunduki, na hakushinda kitu cha kujivunia. Nafasi ya nne, nafasi ya sita. Halafu mwaka 1989 Wenzel alimwita ofisini, akamwekea bunduki mezani. "Huna mbio za kutosha," alimwambia, "lakini sijaona binti anayetulia kama wewe." Mwaka ule ule nchi yao ikaanza kuvunjika. Nusu ya makocha walifukuzwa, bweni likafungwa, yeye akaajiriwa forodhani ili apate muda wa mazoezi. Wenzel alikaa miezi minane bila kazi, akawa bado anakuja kila asubuhi kumshikia saa. Mwaka 1991 Heidrun akawa bingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye akawa bingwa tena.

"Na sasa?" aliuliza Godlisten.

"Sasa nimebakiza msimu huu. Februari ni mashindano ya dunia, Italia. Jumamosi ijayo nikiingia tatu bora hapa kwenu, nimepata nafasi ya mwisho kwenye timu. Nikiikosa, ndiyo basi."

Alisema bila kulia wala kujigamba, kama mtu anayetaja saa ya basi.

Jumatano Elinaja alimwona ngazini. Heidrun alikuwa anapandisha kikapu cha nguo zilizokauka, ngazi kumi na mbili tu, akasimama ya saba akashika ukuta. Midomo ilikuwa imepauka.

"Una nini?"

"Mafua ya Krismasi. Hayajanitoka vizuri."

"Mafua hayakai ngazini. Kesho unakuja nami kazini."

"Lothar hatapenda."

"Sikumwuliza Lothar."

Na kweli Lothar Wenzel hakupenda. Alikuwa mzee wa miaka sitini, mrefu, mwenye mikono iliyobabuka kwa kupaka nta kwenye skii. Alinung'unika kwamba siku ya mazoezi inapotea. Lakini Alhamisi Heidrun alilala kwenye kitanda cha kliniki, Elinaja akambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka. Elinaja aliisoma karatasi na uso wake haukubadilika, maana ndivyo alivyofundishwa. Daktari akaongeza kipimo cha picha ya moyo na damu. Wakaambiwa majibu ni Jumatatu.

Hayakungoja Jumatatu. Ijumaa saa nane mchana daktari alimwita Elinaja ofisini, akafunga mlango.

"Yule mgeni wako. Msuli wa moyo umevimba. Ni mafua yaliyoteremkia moyoni. Asikimbie, asiteleze, asipandishe hata mapigo, kwa miezi sita. Atapona, wengi wanapona. Lakini akishindana sasa anaweza kuanguka njiani na asiamke. Umenielewa? Tumpigie simu, wewe utafsiri."

"Analala kwangu, daktari. Acha nikamwambie uso kwa uso."

"Leo."

"Leo hii."

Njia nzima kuelekea nyumbani Elinaja alipanga maneno. Alikuwa mtu wa kusema wazi. Wifi zake Moshi walikuwa wakimwita Redio. Lakini habari ya namna hii haikuwa jambo la kubwatuka tu. Kwao, habari nzito humfikia kwanza mtu mzima wa mhusika. Huyo ndiye anayejua mlango wa kuingilia. Mama yake alipofariki, Elinaja yuko Leipzig, simu ilipigwa kwa mwanafunzi mwenzao mkubwa kuliko wote. Wakaja watu watatu chumbani kwake. Wakanywa chai kwanza. Wakamwambia mama anaumwa. Wakamwambia anaumwa sana. Ilipofika ile ya mwisho, tayari alikuwa ameshikwa mabega pande zote mbili. Hajawahi kusahau wema ule.

Na Heidrun mtu wake ni nani hapa Amerika, kama si Wenzel?

Alimkuta mzee jikoni, amekuja kuchukua chupa ya chai. Juu maji ya bafu yalikuwa yanasikika, Heidrun anaoga. Elinaja alimweleza mzee kila kitu, neno kwa neno, na miezi sita akaitaja mara mbili. Wenzel alikaa kwenye kiti cha Tulia, magoti yakamfika kifuani.

"Daktari ana uhakika?"

"Ana picha."

"Niachie mimi," alisema. "Nimemlea tangu ana miaka kumi. Nitamwambia mwenyewe, leo, tukitembea."

"Ndiyo maana nimeanza na wewe, Bwana Wenzel."

Elinaja aliwaona dirishani wakitembea polepole kando ya barabara, mzee ameinamisha kichwa. Moyoni akasema, maskini. Godlisten aliporudi kutoka kazini alimweleza.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia mzee wake."

"Vizuri," alisema Godlisten. "Ndivyo inavyotakiwa."

Heidrun alirudi amenyamaza, akala, akaaga mapema. Elinaja hakumgusia. Aliyetoka kuambiwa habari kama ile huachwa apumue kwanza. Asubuhi aliamka akakuta gari la Wenzel limeshamchukua, na bunduki imeondoka pia. Godlisten ndiye aliyeombwa ufunguo, akautoa mkobani mwa mkewe aliyekuwa bado amelala.

"Ukampa tu?"

"Si ya kwake? Nilidhani anakwenda kuwaaga wenzake. Mtu haagi jeshi bila silaha."

Mbio zilikuwa kwenye uwanja wa gofu kaskazini ya mji, ambao wakati wa baridi hugeuzwa njia za skii. Elinaja alikwenda na Tulia, amebeba maandazi ya kumliwaza mgeni. Baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Watu kama mia tatu walikuwa wamepanga mstari, wanapigapiga miguu chini. Milio ya bunduki ilisikika, mikavu, ya kufuatana. Wachezaji walikuwa wanajaribu shabaha.

"Mama, yule pale!" Tulia alisema kwa Kiingereza. "Namba kumi na nne!"

Heidrun alikuwa anainuka kutoka kwenye mkeka wa kulengea. Namba ilikuwa kifuani. Mashavu mekundu, anahema, anapuliza vidole. Alipowaona alipunga mkono kwa furaha ya mtu asiye na habari yoyote.

Elinaja alimwachia Tulia maandazi, akainama chini ya kamba.

"Mama, hairuhusiwi!"

"Kaa hapo hapo."

Alifika huku anateleza. "Heidrun. Wenzel amekwambia nini jana?"

"Kwamba nisianze kwa kasi. Kwa nini?"

"Hakukwambia habari ya daktari?"

"Si ni Jumatatu?"

Pale Elinaja angeweza kuzunguka. Angeweza kumtafuta Wenzel kwanza, au kumkalisha, au kuomba chai. Wachezaji walikuwa wanaachiwa mmoja mmoja; namba nane aliondoka kwenye mstari, theluji ikaruka.

"Majibu yalitoka jana," alisema. "Msuli wa moyo wako umevimba. Daktari amekataza mbio miezi sita. Ukikimbia leo unaweza kufa njiani. Alinipa mimi nikwambie, nikamwambia Wenzel badala yako."

Heidrun alimtazama kama amemwagiwa maji.

"Kwa nini yeye?"

"Kwetu habari nzito haitupiwi mtu akiwa peke yake. Anapewa mkubwa wake kwanza, ndiye ailete taratibu. Nilidhani nakutunza."

"Elinaja." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilipokuwa na miaka kumi na tisa goti langu lilipasuka. Niliambiwa ni uchovu. Nikateleza nalo msimu mzima. Juzi juzi walipofungua mafaili ya siri ya serikali ya zamani nimesoma faili langu, kurasa mia mbili. Daktari alijua. Mkurugenzi alijua. Mpishi wa bweni alijua, kwa sababu aliagizwa anipunguzie mkate. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu, mwenye goti. Na ninyi mmenitunza hivyo hivyo."

Elinaja aliitafuta samahani ya Kijerumani akaikuta nyembamba mno, akaisema hivyo hivyo.

Wenzel alikuwa amewaona. Alikuja mbiombio, skii za akiba begani, na alipofika hakuuliza wanazungumza nini.

"Ningekwambia leo jioni," alisema. "Ni kilomita saba na nusu tu, Heidrun. Dakika ishirini na tano. Ukishapata nafasi, tungepumzika, tungetafuta daktari mwingine nyumbani. Nilifikiri... umeifanyia kazi maisha yako yote."

"Na ningeanguka?"

Machozi yalimtoka mzee yakagandia kwenye ndevu, na hakuyafuta. Elinaja alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa. Miezi minane bila mshahara, akija kila asubuhi na saa mkononi! Kumpenda alimpenda. Kumwuliza tu ndiko alikokuwa hajawahi.

Namba kumi na moja iliondoka. Kipaza sauti kikamwita kumi na mbili ajiandae.

Heidrun aliweka vidole viwili shingoni, chini ya taya, akasikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu, macho yake kwenye shabaha. Kisha akainama, akafungua skii ya kulia, akafungua ya kushoto. Wenzel alipotaka kumsaidia alimzuia kwa kiganja.

"Acha, Lothar. Hizi nitazivua mwenyewe."

Akamgeukia Elinaja. "Meza ya waamuzi iko wapi?"

"Kule, kwenye hema la bluu."

"Twende. Sijui Kiingereza cha kutosha. Utatafsiri, lakini usipunguze neno. Wala usiongeze."

Mwamuzi alikuwa mama mnene mwenye kofia ya manyoya, kalamu imefungwa kwa uzi shingoni. Nyuma yao walisimama wachezaji wengine wawili wakisubiri, na mtu wa gazeti. Elinaja alitamani kushusha sauti, kwa ajili ya staha. Hakuishusha.

"Anasema anajitoa," alisema kwa Kiingereza. "Anasema moyo wake unaumwa, msuli umevimba. Daktari amemkataza miezi sita. Anasema hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho kwenda Italia, kwa hiyo siyo mbio hizi tu anazoziacha, ni mchezo wote. Anasema uandike kwamba ameamua mwenyewe."

Yule mama aliishika kalamu yake bila kuandika.

"Anasema nini?" aliuliza Heidrun.

"Bado hajasema. Anakutazama. Mtu wa gazeti anaandika."

"Mwache aandike."

"Sasa anasema pole," alisema Elinaja. "Anasema aliwahi kukuona kwenye televisheni ukishinda, mwaka 1991, akamwamsha mumewe aje aone. Anauliza kama una uhakika, kwa sababu akishakata jina haliwezi kurudishwa."

Nje, kipaza sauti kilitaja namba kumi na tatu. Heidrun alivuta pumzi, akaivua ile namba kifuani, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani.

"Mwambie akate. Na wewe niambie akishakata."

Elinaja alimwambia yule mama. Kisha akainama mezani ili aone vizuri.

"Ameweka kalamu juu ya jina lako," alisema. "Anakata. Amekata."