Zubeda Aingia Madrasa

Shakuru alipofariki, nyumba yake ya Kinama ilibaki bila mtu wa kuongoza sala. Yeye ndiye aliyewafundisha binti zake, Houda na Sumaya, kusoma Kurani. Mkewe Zubeda alisilimu alipoolewa. Kwao Gihosha, alipokuwa bado Daphrose, alilelewa kwa rozari. Wakati wa sala alikuwa akisimama nyuma ya mumewe na kumfuatisha tu, bila kuyajua maneno.

Jioni moja aliwaita wanawe wasali magharibi. Houda, binti mkubwa, hakuinuka.

"Mama, we unachezesha midomo tu. Papa ndiye alikuwa anajua. Unatuamuru kitu we mwenyewe hukijui."

Maneno yalimchoma Zubeda, lakini hakuyakana. Jumamosi alifunga kibanda chake cha vitenge, akaenda madrasa ya maalimu Atumani, akavua viatu na kuketi mkekani katikati ya watoto wadogo. Wakaangua kicheko. Maalimu akamsogelea.

"Wamama wana darasa yao, dada. Hapa utaona haya bure."

"Apana, maalimu. Kule wako mbali tayari. Mi naanza na alifu, na wanaoanza na alifu ni hawa."

Habari zikamfikia Houda shuleni. Alirudi nyumbani amefura.

"Wote wananicheka! Eti mama yako anasoma na batoto!"

"Si ni kweli?" Zubeda alisema, akigeuza maharage. "Na kesho naenda tena."

Houda akabamiza mlango wa chumbani. Lakini kuta zilikuwa nyembamba, na kila jioni alimsikia mama yake akihangaika na herufi ileile, akiikosea, akirudia bila kuchoka. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akatoka.

"Si ka, mama. Kha! Itoe huku kooni."

"Ka."

"Kha!"

Sumaya akacheka mpaka akalala chini. Zubeda naye akacheka, kisha akajaribu tena, na safari hii ikatoka. Houda akavuta mkeka, akaketi kando yake.

Ramadhani ilipoingia, Zubeda alisimama katikati ya binti zake akasoma Fatiha yote kwa sauti. Katika sura iliyofuata akakwama. Houda akamtajia neno taratibu, naye akalipokea na kuendelea.

Walipotoa salamu, Sumaya akauliza, "Kesho nani atasalisha?"

"Mi," alisema Zubeda. "Keshokutwa dada yako, halafu we."

Houda akaanza kumtengenezea mdogo wake ushungi vizuri.