Usiyape Magari Mgongo

Aliyetaka kugombana na Fundi hakuwa na haja ya kumtukana wala kumkosoa suruali aliyoshona. Alimwambia tu kwamba baiskeli ni usafiri mzuri, basi. Fundi alikuwa anasimamisha cherehani, anamtazama mtu huyo juu ya miwani, kisha anakunja mguu wa suruali na kumwonyesha goti lilivyopinda. "Usafiri mzuri ndio huu," anasema. Na ole wako ucheke.

Enzi za ujana wake alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli, na alikuwa mtu wa sheria hadi wenzake wakamchoka. Anakaa upande wake, anakwenda pembeni kabisa, akitaka kukata kona ananyoosha mkono mapema. Pamoja na adabu yote hiyo, lori lilimjia kwa nyuma, likamzoa na kumtupa mtaroni. Mguu aliuzoea. Alijifunza kuchochea cherehani kwa mguu mmoja, na kazi yake ikabaki safi vilevile. Kilichomla ndani kwa ndani ni kwamba lile lori hakuliona. "Hata kivuli chake sikukiona," alikuwa akisema. "Unachinjwa kama kuku, hata huambiwi kaa sawa."

Sasa mtu wa namna hiyo, binti yake wa pekee akapata kazi gani? Kusambaza mikate kwa baiskeli. Kama si mkosi, niambie wewe ni nini.

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Kengele, maana alikuwa anapiga kengele ya baiskeli hata kwa kuku aliyelala. Alimaliza shule, akazunguka kutafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha, na mwisho wakamchukua kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Kazi yake ilikuwa kufunga kreti kwenye keria asubuhi na mapema na kuyafikia maduka kabla watu hawajaweka chai mezani. Fundi alikataa katakata. Alinuna siku kadhaa, akala bila kusema neno, akalala ameupa ukuta uso.

"Kwa hiyo akae ndani aote ukungu?" mkewe akamuuliza. Mkewe alikuwa mama mpole, lakini akikata shauri humhamishi. "Wewe uligongwa. Haijagongwa dunia nzima."

Fundi akakubali, ila kwa masharti. Kofia ngumu kichwani, hata kama ni kwenda dukani pale. Fulana yenye utepe unaong'aa, ambayo aliishona mwenyewe, mbele na nyuma, mshono juu ya mshono. Breki alizikagua yeye kila jioni. Anaminya, anasukuma, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Ukipita penye magari yaliyoegeshwa, alimwambia, kaa mbali nayo, mlango unaweza kufunguka ghafla. Lori likitaka kukata kona, usijipenyeze ubavuni mwake, dereva hakuoni huko chini. Yote hayo yalikuwa maneno ya akili, na mtu yeyote anayeijua barabara angemuunga mkono.

Sharti la mwisho ndilo lililokuwa na walakini.

"Usiyape magari mgongo," alisema. "Waache wenzako waende na magari. Wewe panda upande wa pili, yakujie usoni. Uwaone madereva."

"Baba, lakini huo si upande wetu."

"Upande wako ni ule wa kurudi nyumbani mzima. Mimi nilikaa upande wangu, na goti ndilo hili."

Kengele akamtazama mama yake, mama akatazama sufuria. "Sawa, baba," Kengele akasema. "Nitawaona."

Ikawa ndio utani wao. Duka la Fundi lilikuwa barabarani, kibanda cha mabati kilichopakana na kituo cha mafuta. Alianza kulifungua alfajiri, wakati hata mbwa hawajaamka, akisema eti kazi zimemlemea. Kazi gani? Alikuwa anakaa tu nyuma ya cherehani, sindano haina uzi, anatazama barabara. Punde kengele inalia, na binti anatokea upande uleule wa duka, magari yanamjia usoni, fulana inang'aa, kreti limejaa nyuma.

"Baba, nawaona!"

"Waone, mama!"

Anapita, anapunga mkono, anapotelea kwenye kona. Hapo ndipo Fundi alikuwa anapumua. Anatunga uzi, anaanza siku. Kengele akichelewa kidogo tu, mzee anasimama, anakaa, anamkaripia mteja asiye na kosa.

Mmoja wa wasambazaji wenzake Kengele aliitwa Njiti kwa wembamba wake. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na baiskeli ilikuwa imemlea tangu hajui kunyoa. Siku moja alileta suruali iliyoliwa na cheni. Akaamkia, akakaa, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Fundi, nataka kukwambia kitu, usinikasirikie."

"Ukishaanza hivyo nimeshakasirika. Sema."

"Hii ya Kengele kupita upande huu. Si salama, mzee wangu. Ona hapo kituo cha mafuta. Dereva anayetoka anaangalia wapi? Anaangalia kule magari yanakotokea. Huku kwingine hageuzi hata shingo, kwa sababu hategemei kitu. Akiona kule kuko wazi, anakanyaga mafuta. Sasa mtoto akiwa anatokea huku?"

Fundi akaweka mkasi chini. "Wewe umewahi kugongwa?"

"Hapana. Mungu ameniepusha."

"Basi ukigongwa uje tuzungumze. Mimi nina shahada ya kugongwa."

"Fundi, nisikilize, huyu mtoto mwenyewe..." Njiti alitaka kuongeza neno, akalimeza.

"Huyu mtoto mwenyewe ana baba yake. Chukua suruali yako."

Akamtupia suruali hivyohivyo, mguu mmoja umeshonwa, mmoja haujashonwa. Njiti akaikunja, akaaga kwa heshima, akaondoka. Jioni Fundi alimhadithia mkewe huku akicheka peke yake. Mkewe hakucheka. Alisema tu, "Huenda ana lake la maana," na Fundi akamjibu kuwa watu wembamba wana maneno mengi kwa sababu hawana pa kuyaweka.

Asubuhi ya tukio hakukuwa na mvua wala ukungu wa kusingizia. Barabara kavu, mwanga umeshafunguka. Fundi alisikia kengele, akainua kichwa, akamwona binti yake anakuja, kofia kichwani, fulana imefungwa mpaka juu. Breki zilikuwa nzima, alizikagua mwenyewe jana yake.

Pikapu ya mitungi ya gesi ilikuwa inatoka kituo cha mafuta. Fundi alimwona dereva kwa ubavu: shingo imegeukia kule magari yanakotokea, anasubiri nafasi, anasubiri. Huku kwingine hakutazama hata mara moja. Na Kengele naye hakuwa anaitazama ile pikapu. Alikuwa ameshageuza uso kuelekea dukani, mkono mmoja umeshaachia usukani ili apunge.

"Baba, na..."

Nafasi ikapatikana, pikapu ikaruka.

Fundi hakumbuki alivyotoka nyuma ya cherehani. Anakumbuka alianguka mara mbili, mguu ulimsaliti, akaenda kwa kutambaa. Mikate ilikuwa imetapakaa hadi katikati ya barabara, na magari yanaikanyaga. Kofia ilikuwa bado kichwani, imefungwa vizuri kama alivyomfundisha, lakini kofia haizuii gurudumu kupita juu ya kifua. Alimwita mwanawe, mama, mama, mama yangu. Kengele alikuwa macho. Alimtazama kama mtu aliyevunja sahani ya wageni.

Dereva alikuwa ameshika kichwa, anazunguka gari lake. "Sikumwona, mzee. Haki ya Mungu nakwambia, sikumwona."

Hospitali walikaa kwenye benchi la ukutani, Fundi na mkewe, mbele yao mlango wa kusukuma ambao kila ukifunguka mioyo inasimama. Jua lilipopanda, daktari alitoka, akavua kinyago, na hakuhitaji kusema. Mama alitoa sauti moja tu, ya chini. Fundi alibaki anatazama viatu vya daktari.

Askari wa barabarani alikuja kuuliza maswali yake, na alikuwa mtu mstaarabu, hakupandisha sauti. Alisema marehemu alikuwa upande usio wake.

"Alikuwa upande wa kuwaona!" Fundi akafoka, hadi wauguzi wakageuka. "Alikuwa anawaona wote!"

"Yeye aliwaona, mzee," askari akasema taratibu. "Wao ndio hawakumtegemea pale."

Walimzika. Watu walijaa, wakalia, wakala, wakaosha sahani, wakaanza kupungua. Wale wa kiwanda cha mikate walikuja wote kwa baiskeli na kuziegemeza ukutani, na Fundi hakuweza kuzitazama. Alikaa kwenye kiti cha kuazima nje ya nyumba, kila anayempa pole anamwitikia bila kumsikia. Jioni Njiti peke yake akabaki, amesimama, mikono haijui pa kwenda.

"Kaa," Fundi akamwambia. "Kaa, uniambie. Ulinionya, nikakufukuza. Sasa nitukane, una haki."

"Sikuja kwa hilo, Fundi."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Kutoka kiwandani mpaka duka la mwisho, kila siku ya Mungu, nimempandisha upande wa kifo. Nilijiona nina akili."

Njiti alikaa. Alifuta uso kwa kiganja. "Hakuwa anapanda hivyo," akasema.

"Unasema nini?"

"Barabara yote alikuwa anakwenda na sisi, upande wetu. Tangu mwanzo. Alikuwa mwendeshaji mzuri kuliko hata mimi, alikuwa anajua kila kitu. Ila tukikaribia kwako ndio anavuka. Anapita mbele ya duka lako, anakusalimia, akishakata kona anarudi kwetu. Tulikuwa tunamcheka, tunamwambia haya, nenda kaonyeshe sura. Siku ile nilipokuja na suruali nilitaka umruhusu tu kupanda upande wetu, asiwe anavuka. Nilishindwa kusema. Nilihisi namsaliti."

Fundi alisikia maneno yale yanaingia moja moja. Kwanza, utaniamini usiniamini, alifarijika: mtoto wake hakuwa mjinga, aliijua barabara. Halafu yakamfikia mengine. Kwamba njia nzima ilikuwa salama isipokuwa pale alipokuwa amekaa yeye. Kwamba kama asingefungua duka alfajiri, kama angelala tu kama mafundi wengine, yule mtoto angekuwa anakula ndani sasa hivi. Akashika magoti yote mawili, lile zima na lile bovu, na akalia kwa sauti, bila aibu, kama ambavyo hakulia kaburini. Njiti alikaa naye mpaka akatulia, kisha akaaga.

Fundi alikata shauri kumwambia mkewe. Hakutaka alijue kwa watu. Na kusema kweli alitaka agombezwe. Alitaka mtu amshike mashati na kumwambia aliyostahili, maana upole wa watu ulikuwa unamchoma.

Alimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapanga sahani za majirani ili zirudishwe kwa wenyewe. Fundi akasimama mlangoni, akayasema yote, hakuruka kitu. Kwamba mtoto alikuwa anavuka. Kwamba alikuwa anavuka kwa ajili yake.

Mkewe hakugeuka. Aliweka sahani moja juu ya nyingine.

"Najua," akasema.

"Njiti amekwambia?"

"Mtoto aliniambia mwenyewe. Wiki ileile ya kwanza. Alikuja hapahapa jikoni, akaniambia, mama, nimeshindwa ile ya baba, madereva wananitukana, napanda na wenzangu. Sasa pale dukani kwake nifanyeje? Ataniona." Akavuta sahani nyingine. "Nikamwambia avuke. Mimi. Nikamwambia ni kipande kidogo tu pale, vuka, baba yako akuone, roho yake itulie, ukishampita urudi. Nilikuonea huruma wewe. Nilikuwa nakuona unavyorudi jioni umechoka kwa hofu."

Fundi alishika fremu ya mlango. Alitafuta hasira ndani yake, angalau kidogo, ya kumrushia mtu mwingine, na hakuipata.

"Ungeniambia," akasema.

Hapo ndipo mkewe akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Ungenisikia?"

Fundi alifungua kinywa aseme ndiyo. Neno lilikuwa pale pale, jepesi, na lingewasaidia wote wawili. Alimtazama mkewe, na akashindwa kulisema. Akavuta kigoda cha pili, akakaa chini kando yake kwa taabu, mguu umenyooshwa mbele, akaanza kumpitishia sahani.