Kumi Badala ya Kumi na Mbili

Merv Stapleton alileta mota yake maabarani kwetu, mjini Wagga, Australia, ikiwa imefungwa blanketi, akakataa kusaidiwa kuibeba. Alikuwa ameiunda mwenyewe kwenye banda lake la kukatia kondoo manyoya, miaka nenda miaka rudi, na benki ilishachoka naye. Asubuhi hiyo jirani yake Pascoe alikuwa amekaa jikoni kwa Merv, mkataba wa kununua shamba la Merv uko mezani, na Lorna, mke wa Merv, anasubiri simu. Mota ikifaulu kipimo cha kutopoteza umeme, kiwanda cha pampu kingeichukua na shamba lingebaki lao. Ikishindwa, Lorna angetia saini kabla Pascoe hajabadili mawazo. Merv alitueleza yote haya bila kuulizwa, kwa hofu tu.

Craig ndiye aliyepangiwa kumpimia. Ni fundi mzuri na ni mtu wa hovyo, sioni sababu ya kulipamba hilo. Umeme wa mota ile ulikuwa mkubwa mno kuingia moja kwa moja kwenye analaiza, mashine yetu ya kupimia umeme, kwa hiyo ulipitishwa kwanza kwenye transfoma ndogo inayoupunguza mara kumi na mbili. Kilichobaki ni kuiambia analaiza izidishe kwa kumi na mbili. Craig alipanga kiwango cha volti sawasawa, na cha ampea sawasawa. Kwenye uwiano wa transfoma akaacha kumi, ya kazi ya jana, na aliiacha kusudi. Basi analaiza ikahesabu umeme kidogo kuliko ulioingia kweli, na mota ikaonekana haipotezi karibu chochote.

"Tisini na sita kwa mia!" Merv alipiga kelele hadi nikamsikia chumba cha pili. "Craig, bwana wee, hebu sema tena!"

"Tisini na sita, mzee. Ukitajirika usitusahau."

Nilipoingia, Merv alikuwa na simu sikioni. "Lorna! Mfukuze! Mwambie Pascoe akanunue shamba la mama yake!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Craig amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Nikatazama skrini, kisha nikasoma kibao cha transfoma, na hasira ikanipanda.

"Craig. Uwiano."

"Tulia, Trudy. Nampa dakika mbili tatu za raha, halafu namwambia. Utani tu."

"Ameshapiga simu nyumbani, mpumbavu wewe!"

"Kwani mimi ndiye niliyemtuma apige?"

Nikaweka kumi na mbili. Namba ikashuka hadi themanini. Mota yoyote ya dukani ingeishinda.

"Umegusa nini?" Merv aliuliza. "Irudishe."

"Siwezi, Merv. Ile ya kwanza haikuwa kweli."

"Mzaha tu, mzee," Craig akasema. "Nani angejua ungekimbilia simu?"

Merv alimgeukia. Nilitamani ampige ngumi, ningemshikia koti. Badala yake alipiga simu tena nyumbani, akaiweka spika mezani.

Lorna alipokea akiwa anacheka. "Ameondoka, mpenzi! Nimeuchana mkataba mbele ya macho yake. Na nimemwambia yote, hata ya mkewe na yule daktari wa mifugo. Ungeuona uso wake! Ameapa hatakanyaga kwetu tena, hata tukimpa shamba bure."

Merv akanisukumia simu. "Mwambie wewe."

"Bi Lorna, ni Trudy wa maabara. Mashine ilipangwa vibaya mwanzoni. Namba sahihi ni themanini."



"Themanini," Lorna akasema, kicheko hakijamwisha. "Hiyo ndiyo nzuri zaidi, mwanangu?"