Kopo Lililogeuzwa Lori

Redio ilitangaza asubuhi: maziwa ya unga ya watoto, yale ya kopo la buluu, yarudishwe dukani ikiwa namba iliyopigwa kwenye kitako cha kopo inaanza na 47. Yana vijidudu. Dada yangu Voahangy alikuwa na chupa mkononi, na binti yake Miora, wa miezi miwili, ameshafungua mdomo. Tangu jana alikuwa akiyanywa hayo hayo.

"Mama, kopo liko wapi?" dada akauliza.

Mama akatazama pembeni. Hapa mjini Antsirabe kopo tupu halikai nyumbani. Maziwa alikuwa ameyahamishia kwenye mtungi wa kioo, kopo akampa Mjomba Zafy, anayeunda magari ya kuchezea kwa mabati.

Nikakimbia.

"Mjomba, nataka kopo la Miora."

"Limeshakuwa lori," akasema kwa fahari. "Ona boneti hiyo."

"Na kitako chake?"

"Magurudumu."

Nikayakagua. Kwenye gurudumu moja kulikuwa na 4, halafu kijistari kilichokatwa na mkasi. Huenda ni saba, huenda ni moja.

"Hiyo ni moja," mjomba akasema. "Nimekata mwenyewe, naijua."

"Mjomba, juzi ulimwamkia mbuzi ukidhani ni mchungaji."

Nikaondoka na lori lake. Nyumbani Miora alikuwa analia hadi sauti imemkauka. Mama akaangalia gurudumu. "Si moja hiyo? Mpe, mtoto ana njaa."

"Siwezi kumpa mwanangu nusu ya namba," dada akasema, akampigia simu mkunga wa zahanati.

"Kama hamna uhakika, msimpe," mkunga akajibu. "Wala msiyamwage, njooni nayo. Na msimpe maziwa ya ng'ombe wala maji ya mchele."

"Maji ya mchele ndiyo yaliyowakuza nyinyi," mama akanung'unika.

"Ndiyo maana mmoja katoka hivi," dada akasema, akinitazama mimi.

Zahanatini Miora alipewa maziwa mengine, akanywa mpaka akasinzia. Joto lake lilikuwa la kawaida. "Akipata homa, akikataa kunyonya au akilegea, mrudisheni mara moja," mkunga akasema. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Mama akaomba tena.

Tulipotoka, mama alitembea nyuma yetu. Kisha akasema polepole, "Voahangy, nipe nimbebe."

Dada akasita. Akamfunika Miora vizuri, akampa mama.